Corolla ya marehemu Baba na stata inayogoma

Jumatano, 5 Machi 2025

Limegoma tena leo alfajiri. Nimetoka ndani na mzigo wa daftari za kidato cha tatu, nimezungusha funguo, nikasikia tak. Mlio mmoja mkavu kutoka upande wa injini, basi. Taa za dashibodi zinawaka, redio inasema, injini haikuzunguka hata kidogo. Mara ya pili, tak. Ya tatu, tak. Mara ya nne stata, ile mota ndogo inayozungusha injini ili iwake, ikapiga kwa nguvu zake zote na injini ikashika hapo hapo, utadhani si gari lile lile.

Hii ni mara ya sita tangu mwaka uanze, kwa zile ninazozikumbuka. Kuanzia leo naandika. Daftari litakaa kwenye kisanduku cha dashibodi, na kila likigoma nitaandika saa, hali ya hewa, gari lilikuwa limezimwa kwa muda gani, limegoma mara ngapi kabla ya kuwaka, na nimesikia mlio gani.

Gari ni Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A, gia za otomatiki. Baba alilinunua likiwa limeshatumika Japani, akaliendesha hapa Tanga miaka kumi na mbili kwa uangalifu wa mtu aliyelidunduliza muda mrefu, na alipofariki likabaki mikononi mwangu. Kwa kuwa ni la otomatiki, likigoma huwezi kulisukuma ukaliwasha kwa gia kama wafanyavyo wenye magari ya manyuali. Unakaa papo hapo mpaka lenyewe likubali. Mama nampeleka kliniki mara mbili kwa mwezi, na siku hizi kabla hajashuka huniambia, "Usizime, mwanangu, nakuja sasa hivi." Husema hivyo hata akienda kununua nyanya. Inaniuma, maana ni gari la mumewe.

Niandike na la Januari, ili nisilirudie. Fundi mmoja alifungua boneti, akatazama, akasema betri imekufa. Hakupima. Nikanunua betri mpya kwa shilingi 185,000, na juma moja baadaye gari likagoma na betri yake mpya. Nafundisha fizikia. Kila siku nawaambia wanafunzi wangu kwamba jibu lisilo na kipimo halina alama, halafu mwenyewe nikalipa kwa kukisia. Safari hii hakinunuliwi kitu mpaka mita iseme.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekaa na kalamu kabla ya kushika spana.

Watu tunasema "gari haliwaki" kwa magonjwa mawili yasiyohusiana. Kuna gari ambalo stata inazungusha injini, ngurungururu, lakini injini haishiki. Huko utatafuta mafuta, moto wa plagi, pampu, rilei. Na kuna gari ambalo injini haizunguki kabisa. Langu ni la pili, kila mara. Kwa hiyo aliyeniambia nibadilishe plagi na yule aliyesema nisafishe pampu ya mafuta nimewafuta kwenye orodha, Mungu awabariki kwa nia yao. Mafuta hayawezi kuizuia stata isizunguke.

Halafu milio. Ukisikia tak-tak-tak-tak ya haraka na taa zinafifia, umeme ni mdogo: betri imeshuka au vichwa vyake vimelegea. Ukizungusha funguo na kukawa kimya kabisa, amri haifiki kwenye stata: swichi ya funguo, fyuzi, rilei, au ile swichi ya gia inayoruhusu kuwasha kwenye P (kuegesha) na N (huru) peke yake. Ukisikia tak moja nzito kisha kimya, amri imefika na solenoidi, yaani swichi ya sumaku iliyo kwenye stata, imevuta, lakini umeme mkubwa wa kuzungusha mota haukupita, au umepita na mota imekwama.

Langu ni tak moja. Swali linalofuata ni la taa za mbele. Nimwombe mtu asimame mbele ya gari likigoma, aniambie kama taa zinafifia. Zikififia sana, umeme mwingi unaondoka na haufanyi kazi. Zisipofifia, umeme haujaondoka kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Nimeazima mita ya maabara. Vipimo vya asubuhi, gari limelala usiku kucha:

Betri ikiwa imetulia, volti 12.6. Imejaa. Injini ikiwaka, volti 14.1, kwa hiyo altaneta inachaji sawasawa. Nimechomoa fyuzi yenye maandishi EFI ili injini isishike, mtoto wa kaka yangu akazungusha funguo sekunde tano huku mimi nimeshika waya za mita kwenye betri: volti 10.7 wakati stata inazunguka. Chini ya 9.6 hivi ningeanza kuishuku betri. Hii ni nzima, na ile ya zamani yawezekana ilikuwa nzima vilevile.

Kisha nikapima upande ambao watu wengi hawaupimi, yaani ethi, njia ambayo umeme unarudi nayo kwenye betri. Mita nimeiweka kwenye volti ndogo, waya mmoja kwenye nguzo ya hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini. Stata ikizunguka, kipimo hiki kinatakiwa kiwe karibu na sifuri, tuseme kisizidi 0.2 au 0.3. Nimepata 0.71. Karibu robo tatu ya volti inapotea njiani kabla hata ya kurudi kwenye betri.

Waya wa ethi unaofungwa kwenye gia boksi una unga wa kijani chini ya nati. Hapa kwetu upepo wa bahari unakula shaba bila kelele. Nimefungua, nimepiga msasa mpaka shaba ikang'aa na chuma chake kikang'aa, nimekaza, nimepaka grisi juu. Kipimo kipya: 0.12.

Nimefurahi mpaka nimempigia Mama simu.

Alhamisi, 13 Machi

Mara 17 tangu nisafishe ethi, haijagoma hata moja. Stata inazunguka kwa kasi zaidi, hilo nalisikia kwa masikio. Nilianza kuandika kwamba kazi imekwisha, nikajizuia. Mwanzoni mwa Februari liliwahi kukaa siku tisa bila kugoma na hakuna aliyekuwa amegusa kitu. Ugonjwa unaokuja na kuondoka wenyewe hauthibitishwi kwa siku nne.

Jumamosi, 15 Machi

Limegoma. Saa nane mchana, jua kali, nimetoka Pongwe, nimesimama dakika kumi, narudi: tak. Mara mbili, ya tatu likawaka.

Kwa hiyo ethi ilikuwa mbovu kweli, na haikuwa ugonjwa wenyewe. Vyote viwili ni kweli kwa pamoja. Waya ule ulihitaji kusafishwa hata kama gari lisingewahi kugoma.

Nimepitia daftari. Mara tano kati ya saba zilizoandikwa au kukumbukwa gari lilikuwa la moto, limezimwa muda mfupi. Hapo nikavutwa na wazo la joto, na wazo lenyewe lina msingi: koili ya shaba ikipata joto ukinzani wake hupanda, umeme unaopita hupungua, na sumaku ya solenoidi huvuta kwa nguvu ndogo. Lakini mara mbili zilizobaki ni za alfajiri, injini baridi kabisa. Mara mbili hizo zinatosha kunizuia. Joto linaweza kuwa linachochea, halitoshi kuwa sababu.

Jumatatu, 17 Machi

Baada ya vipindi nimepita Makorora kwa fundi umeme mmoja mzee ambaye Baba alikuwa akimpelekea gari. Ana kibanda cha mabati na benchi la mbao lililojaa stata na altaneta zilizofunguliwa. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama kidogo.

"Marahaba. Wewe ni binti wa mzee wa Corolla nyeupe."

"Ndiyo mimi, Mzee."

Nilimweleza. Hakusema stata, hakusema betri. Aliniuliza: "Likigoma, taa zinafifia?" Nikamwambia sijapata wa kunitazamia. Akauliza, "Umejaribu kuligonga?" Nikasema sijaligonga. Akasema, "Usiligonge. Ukiligonga litawaka, nawe utajua ni stata, lakini hutajua ni kitu gani ndani ya stata."

Mafundi wengi hugonga stata kwa spana na ikapiga. Mtikisiko unasogeza kitu kilichokaa vibaya: yaweza kuwa kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka) iliyoisha, yaweza kuwa sahani ya shaba ndani ya solenoidi. Dawa ni ile ile ya muda kwa magonjwa tofauti.

Kisha akanipa jambo ambalo sikulifikiria hata mara moja, na ningependa kila mwenye gari la namna hii alijue. Alisema, "Mwalimu, ugonjwa huu ukimleta mgonjwa kwangu anapona mlangoni. Siwezi kupima kisichokuwepo. Weka taa mbili ndani ya gari, zikae hapo hapo, zikuonyeshe siku hiyo itakapokuja."

Jumatano, 19 Machi

Taa mbili nimefunga leo. Naeleza taratibu.

Stata ina sehemu tatu za umeme za kujua. Kuna bolti nene inayopokea waya mkubwa moja kwa moja kutoka betri. Hiyo ina umeme saa zote, hata funguo ikiwa mfukoni, ndiyo maana lazima hasi ya betri itoke kwanza kabla hujaweka spana pale. Kuna plagi ya waya mwembamba unaotoka kwenye swichi ya funguo. Hiyo ndiyo amri. Na kuna bolti ya pili nene, ambayo inatoka kwenye solenoidi kwenda kwenye mota ya stata.

Ukizungusha funguo, waya mwembamba unaamsha koili ya solenoidi. Sumaku inavuta chuma cha katikati. Chuma hicho kinafanya kazi mbili kwa mpigo: kinasukuma gia ndogo ikashike meno ya flaiwili, gurudumu linalozunguka pamoja na injini, na mgongoni kimebeba sahani ya shaba inayokwenda kugusa vipande viwili vya shaba, kimoja cha upande wa betri, kimoja cha upande wa mota. Sahani ikigusa vyote viwili, umeme wa ampea mia na zaidi unapita na mota inazunguka. Ile tak tunayoisikia ni chuma kufika mwisho wa safari yake.

Taa A nimeunga kwenye waya wa amri. Taa B nimeunga kwenye bolti ya upande wa mota. Ni balbu ndogo za taa za pembeni, volti 12 wati 5, kila moja na fyuzi yake ndogo karibu kabisa na stata ili waya ukichubuka usiunguze kitu. Waya nimezipitisha kwenye mpira wa ukuta wa injini pamoja na nyaya nyingine, nikazileta chini ya dashibodi na kuzibandika kwa utepe mahali ninapoziona nikizungusha funguo.

Zinasomwa hivi. A haikuwaka: amri haifiki, tafuta kwenye swichi ya funguo, swichi ya gia, au waya. A imewaka, B haikuwaka: amri imefika, lakini umeme haukuvuka ndani ya solenoidi. Zote zimewaka na stata haizunguki: umeme umevuka, mota ndiyo mgonjwa, kaboni zake au sehemu yake inayozunguka.

Nimewasha gari mara tano kujaribu. Zote mbili zinawaka pamoja, B inafifia kidogo stata inapoanza kuzunguka, kisha injini inashika. Mtoto wa kaka yangu ameuliza, "Shangazi, sasa tunaomba ligome?" Ndiyo, tunaomba ligome.

Jumamosi, 22 Machi

Limegoma. Naandika yote, na mkono bado unatetemeka kidogo kwa furaha, jambo ambalo sikutegemea kuliandika kuhusu gari lililogoma.

Tulikuwa sokoni Mgandini, mimi na Mama, kununua vitu vya futari. Saa kumi na moja na nusu jioni, mawingu mazito ya masika, watu wamejaa na kila mtu ana haraka ya kufika nyumbani kabla ya adhana. Mama alikuwa ameniambia nisizime. Nilizima kwa makusudi. Tuliporudi na mihogo na tambi na nazi tatu, nikazungusha funguo.

Tak. Taa A inawaka, nyekundu kabisa kwa utepe niliouweka. Taa B giza.

Nikarudisha funguo, nikawasha taa za mbele zimulike ukuta wa duka, nikazungusha tena huku natazama ukuta. Tak. Mwanga wa ukutani haukufifia hata chembe. A inawaka, B giza.

Mara ya tatu, tak, A ndiyo, B hapana. Mama akaanza kusema Inna lillahi. Nikashuka, nikafungua boneti, nikaweka mita kwenye bolti ya stata inayotoka betri huku kijana wa duka la jirani akizungusha funguo: volti 12.4. Umeme wote uko mlangoni pa stata. Amri imefika. Solenoidi imevuta, nimeisikia. Na upande wa pili wa solenoidi hakuna kitu.

Mara ya sita B ikawaka na injini ikashika. Tumefika nyumbani dakika chache kabla ya Magharibi.

Sasa najua ilipo. Wala si kwa kukisia. Umbali kati ya mahali umeme ulipo na mahali umeme haupo ni sentimita chache, na ndani ya sentimita hizo kuna sahani moja na vipande viwili vya shaba.

Jumapili, 23 Machi

Nimeitoa stata. Hasi ya betri kwanza. Kisha nati ya 12 ya waya mkubwa, plagi ya amri, na bolti mbili za 14 zinazoishika kwenye gia boksi. Bolti ya chini ilikataa mpaka nikatia mafuta ya kulegeza kutu na kusubiri. Ni nzito kuliko inavyoonekana. Usilale chini yake.

Nimeipeleka Makorora mwenyewe, maana nilitaka Mzee awe karibu nikiifungua. Alikaa kwenye kigoda, akanipa spana ya 8, akasema, "Fungua wewe."

Kifuniko cha nyuma cha solenoidi kimeshikwa na bolti tatu ndogo. Kimetoka na unga mweusi. Ndani kuna chuma cha katikati na springi yake. Kinatoka kwa vidole viwili. Sahani ya shaba iliyo kichwani mwake ina mfereji wa mviringo, umechongwa mahali panapogusa, na rangi yake si ya shaba tena, imekuwa kama chungu kilichoungua. Nikaingiza tochi.

Kipande cha upande wa mota kimelika kidogo, bado kina uso wa kutosha. Kile cha upande wa betri kimekwisha. Kilichobaki ni ukingo mwembamba kama ukucha wa mwezi wa siku ya pili, na upande mmoja wake umeshuka chini kuliko mwenzake. Nikapitisha kucha yangu juu yake, ikakwaruza kwenye vichunusi vya shaba iliyoyeyuka na kuganda.

Nilikaa nacho mkononi muda. Kila gari linapowashwa, sahani ikigusa na ikiachia hutoka cheche, na cheche huondoa shaba kidogo. Miaka 27 ya kuwashwa asubuhi na jioni: Japani mtu nisiyemjua, kisha Baba, kisha mimi. Hakuna aliyekosea. Shaba imefanya kazi yake ikaisha.

Na hapa ndipo kugoma kwake kwa nasibu kunapoeleweka. Sahani ile inaweza kuzunguka kidogo kwenye mhimili wake. Siku ikigeuka na sehemu yake nzima ikaelekea kwenye ukingo uliobaki, inagusa, gari linawaka. Ikigeuka na mfereji ukaelekea pale, chuma kinafika mwisho, tak inasikika, lakini sahani haigusi. Ukirudia, mshtuko wa kila tak unaisogeza kidogo, mpaka mara ya tatu, ya nne au ya sita igeuke vizuri. Joto likiwepo sumaku inavuta kwa nguvu ndogo zaidi, na pengo ambalo asubuhi lingezibwa linabaki wazi. Ndiyo maana ikawa zaidi mchana, na si mchana tu.

Mzee akatazama akasema, "Kaboni zako bado nzuri, urefu huu una miaka mingine. Hiyo gia ya ndani ina grisi. Usinunue stata nzima."

Jumanne, 25 Machi

Duka la kwanza mjini walinionyesha stata nzima ya mtumba, 130,000. Nikawaambia nataka vipande vya shaba vya ndani peke yake na sahani yake. Muuzaji akasema havipo, watu hawavitengenezi siku hizi, wanabadilisha. Duka la tatu nao hivyo hivyo. Jambo hili limenisikitisha. Stata ya zamani yenye mota nzima na gia nzima inatupwa, na badala yake mtu anauziwa nyingine ya umri ule ule ambayo shaba zake zinaelekea huko huko, kwa sababu hakuna aliyefungua bolti tatu.

Binamu yangu yuko Dar, amepita Ilala, mtaa wa Shaurimoyo, akiwa na picha ya kipande cha zamani pembeni ya rula. Amepata vipande viwili na chuma chenye sahani mpya, vyote 28,000. Ametuma kwa basi.

Alhamisi, 27 Machi

Kifurushi kimefika, nimekifuata stendi ya Kange. Uzito wa shaba unausikia mkononi.

Jumamosi, 29 Machi

Kufunga, tena kwenye benchi la Mzee. Kwanza nimesafisha chumba cha solenoidi kwa petroli kidogo na kitambaa kisichoacha nyuzi, maana unga mweusi ule ni shaba na kaboni. Vipande vipya vimekaa mahali pake na vizuizi vya plastiki vya zamani, ambavyo havijavunjika.

Jambo la muhimu kuliko yote kwenye kazi hii ni usawa. Vipande vyote viwili lazima viwe kwenye kimo kimoja, ili sahani ifike kwa vyote kwa wakati mmoja. Kimoja kikiwa juu kwa nusu milimita, sahani itakilalia hicho na kuinuka upande wa pili, na utakuwa umenunua ugonjwa ule ule upya. Nimelaza rula ndogo ya chuma juu ya vyote viwili kabla ya kukaza, nikatazama mwanga chini yake, nikakaza nusu, nikatazama tena, kwa sababu kukaza kunavigeuza. Mara ya kwanza kilipinda. Mzee hakusema neno, alinisogezea rula. Nikalegeza, nikakishika kwa koleo, nikakaza upya. Mwanga haupiti.

Jaribio la mezani: stata imebanwa kwenye jiriwa, maana ikipiga inaruka. Waya mnene wa chanya kwenye bolti, hasi kwenye bodi yake, kisha kipande cha waya mwembamba kikagusa plagi ya amri. Gia ndogo ikachomoka na kuzunguka, mlio mmoja safi. Nimeirudia mara 20, nikihesabu kwa sauti. Mara 20 kwa 20.

Saa kumi jioni ilikuwa garini. Taa A na B nimeziacha.

Mzee alikataa kutaja bei. Nimemwachia 20,000 chini ya bati la kahawa, na tende za futari.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nimempeleka Mama kuswali, kisha nyumba nne za ndugu, kila nyumba nimezima. Mara 9 leo, zote zimeshika mara ya kwanza. Jumla tangu Jumamosi: 14.

Jumamosi, 12 Aprili

Mara ya 63: kimya. Hakuna tak. Moyo ulinipasuka, kisha nikatazama chini: taa A giza.

Basi hili si lile. Nikavuta gia kutoka P kwenda N, A ikawaka, gari likawaka. Nikalizima, nikairudisha gia P, nikajaribu tena: giza, kimya. Nikasukuma mkono wa gia mbele kwa nguvu kidogo: A inawaka. Ni swichi ya gia, au plagi yake. Nimechomoa plagi, ndani kuna maji ya mvua na ukungu wa kijani kwenye pini moja. Nimesafisha kwa spiriti na mswaki wa zamani, nimekausha, nimerudisha. Jioni nimewasha kwenye P mara 15, mkono wa gia ukiwa umelegezwa na ukiwa umesukumwa. Taa A haikukosa.

Bila taa ile ningerudi Makorora nimebeba stata nzima mgongoni, nikimlaumu binamu kwa shaba feki.

Jumamosi, 3 Mei

Pangani, kwa mama mdogo. Kilomita hamsini hivi, mvua njia nzima, madimbwi mpaka kwenye milango. Tulipofika nikaweka P, nikavuta breki ya mkono, nikasubiri, mkono wangu bado kwenye usukani.

Mama akanyoosha mkono wake, akazungusha funguo mwenyewe, akaichomoa na kuitia kwenye pochi yake. "Tutakaa mpaka jioni," akasema, akashuka na mwavuli.

Saa kumi na mbili jioni: mara ya 131. A, B, ikashika.